Dola Milioni Moja za Anna Jeanes: Wakfu Hufanyaje Kazi, na Nani Hasa Alilipia Shule ya Kabete?

Tangu serikali ya Marekani ilipofunga shirika lake la misaada, USAID, mwaka 2025, mazungumzo kuhusu fedha za wafadhili yamejaa mkanganyiko. Msaada wa serikali, mfuko wa tajiri, wakfu na mchango wa kanisa hutiwa kapu moja. Mtu husikia kwamba taasisi fulani ya Marekani bado inatoa fedha ilhali serikali yake imesitisha, akashangaa inawezekanaje. Mwingine husikia kwamba mfuko wenye mabilioni umekataa kulipia zahanati moja, akaamini kuna hila.

Mfano mzuri wa kufafanua mambo haya uko karibu nasi. Karibu kila aliyesomea ualimu Kenya, Uganda au Tanzania amekutana na Tume ya Phelps-Stokes ya mwaka 1924, tume ya elimu iliyotumwa kutoka Marekani, na shule iliyozaliwa baada yake, Jeanes School ya Kabete, nje kidogo ya Nairobi. Ila ukiuliza huyo Jeanes alikuwa nani, utaambiwa alikuwa mmisionari, au mwalimu mkuu wa kwanza, au tajiri aliyeijenga shule hiyo. Hakuwa hata mmoja kati ya hao. Alikuwa mwanamke wa Philadelphia aliyefariki mwaka 1907, miaka 18 kabla ya shule ya Kabete kufunguliwa, na hakuna senti ya mfuko wake iliyokusudiwa kuvuka bahari. Tukielewa kwa nini, tutakuwa tumeelewa sehemu kubwa ya namna fedha hizi zinavyoendeshwa mpaka leo.

Tuanze na maneno.

Mwenye mali anayetaka kutoa ana njia kuu tatu. Ya kwanza ni kutoa fedha zitumike zikaisha: madawati yananunuliwa, paa linaezekwa, hesabu inafungwa. Ya pili ni wosia, yaani maelekezo ya mali itakavyogawanywa baada ya kifo. Ya tatu ni wakfu, na hapa watu wa pwani wana faida, kwa sababu jambo lenyewe wanalijua. Shamba la minazi lililowekwa wakfu kwa ajili ya msikiti haliuzwi wala halirithiwi. Nazi huangushwa na kuuzwa, na fedha za nazi ndizo zinazonunua mikeka na mafuta na kumlipa imamu. Mnazi wenyewe haukatwi.

Katika wakfu wa Kimarekani, mnazi ni fedha. Fedha hizo huitwa mtaji. Huwekezwa katika hatifungani, hisa au majengo, na kila mwaka huzaa mapato. Mapato ndiyo yanayotumika, mtaji hubaki. Anayeushika mtaji si mtoaji tena, ni wadhamini, kundi la watu lenye wajibu wa kisheria wa kuulinda na kuutumia kwa kusudi moja tu. Kusudi hilo huandikwa katika hati ya wakfu. Mtoaji akishasaini, hawezi kuamka kesho akazidai fedha zake, na wadhamini nao hawawezi kuamka kesho wakazipeleka mahali pengine kwa sababu wameona shida iliyowagusa mioyo.

Ndiyo maana mfuko unaweza kuwa na mabilioni na bado ukakataa ombi la milioni mbili. Mabilioni ni mtaji. Kinachogawanywa ni mapato ya mwaka, nayo huenda tayari yameahidiwa, au hati hairuhusu.

Sasa tumrudie mwenyewe. Anna Thomas Jeanes alizaliwa Philadelphia tarehe 7 Aprili 1822, kitinda mimba katika familia ya watoto kumi. Mama yake alifariki Anna akiwa mdogo. Baba yake, Isaac Jeanes, alikuwa mfanyabiashara aliyefanikiwa, na ndugu zake waliendeleza biashara na uwekezaji, ikiwemo ardhi yenye makaa ya mawe. Familia ilikuwa ya Quaker, dhehebu la Kikristo. Wasomaji wa Vihiga na Kakamega wanalijua jina hilo kupitia Kanisa la Marafiki na misheni ya Kaimosi iliyoanzishwa mwaka 1902, lakini tawi la Anna lilikuwa jingine. Quaker wa Philadelphia waligawanyika mwaka 1827, na familia ya Jeanes ikawa upande wa wafuasi wa Elias Hicks, waliosisitiza nuru ya ndani ya kila mtu kuliko mafundisho yaliyopangwa. Walikuwa watu wa mavazi ya kawaida na maisha ya kiasi, na wengi wao walipinga utumwa kwa nguvu zote.

Anna hakuolewa na hakuwa na watoto. Ndugu zake walifariki mmoja baada ya mwingine, mali ikazidi kumwangukia, na alipofika uzeeni alikuwa amebaki peke yake na utajiri wa familia nzima.

Hapa kuna jambo ambalo simulizi nyingi hulipita haraka, nalo ndilo ufunguo wa kuwaelewa wanawake wafadhili wa Marekani ya karne ya 19. Kwa sheria ya kale iliyorithiwa kutoka Uingereza, mwanamke akiolewa, mali yake iliingia mikononi mwa mumewe. Hakuweza kuingia mkataba kwa jina lake, na mshahara wake haukuwa wake. Majimbo yalianza kubadilisha hali hiyo polepole, Pennsylvania na New York zikipitisha sheria mwaka 1848, lakini mabadiliko yalikuja vipande vipande kwa miongo mingi. Mwanamke asiyeolewa, au mjane, alikuwa katika hali tofauti kabisa: aliweza kumiliki, kuuza, kununua na kutoa.

Kwa hiyo si ajabu kwamba ukiyapitia majina makubwa ya wakati ule, unakutana na wasioolewa na wajane. Sophia Smith, aliyeacha mali yake ianzishe chuo cha wanawake kilichofunguliwa Massachusetts mwaka 1875, hakuolewa. Mary Elizabeth Garrett hakuolewa. Yeye alitoa fedha zilizowezesha shule ya udaktari ya Johns Hopkins kufunguliwa mwaka 1893, kwa sharti kwamba wanawake wapokelewe kwa vigezo vilevile vya wanaume. Olivia Sage alikuwa mke wa mfanyabiashara bahili Russell Sage, na mwaka 1907, mara tu baada ya kufiwa, aliweka wakfu wa dola milioni 10. Caroline Phelps Stokes, ambaye jina lake litarudi, hakuolewa pia. Hawa hawakuwa wake wa matajiri waliojitafutia shughuli ya kupoteza muda. Walikuwa miongoni mwa wanawake wachache ambao sheria iliwaruhusu kuamua, na walipoamua waliweka masharti makali kwa sababu walijua kwamba baada ya saini, vikao vingejaa wanaume.

Kabla ya mwaka 1900 Anna Jeanes alitoa zaidi kwa makazi ya wazee na watoto na kwa jumuiya yake ya kidini. Mwishoni alihamia yeye mwenyewe Stapeley Hall, makazi ya wazee wa Quaker yaliyoko Germantown ambayo alikuwa ameyafadhili. Ni katika miaka hiyo ya mwisho, akiwa amevuka 80, ndipo alipotoa fedha zinazokumbukwa leo.

Mwaka 1905 alitoa dola 200,000 kwa General Education Board, taasisi ya elimu iliyoanzishwa kwa fedha za John D. Rockefeller, zitumike kwa shule za vijijini za watu weusi katika majimbo ya Kusini. Wakati ule shule nyingi kati ya hizo zilikuwa chumba kimoja, wakati mwingine kanisani, na mwalimu mmoja ambaye mwenyewe hakusoma mbali. Muhula uliweza kuwa miezi minne au mitano kwa mwaka, kwa sababu kaunti haikulipa zaidi ya hapo. Sheria za ubaguzi zilitenganisha shule, na kodi ikaenda kwa shule za wazungu kwanza.

Wakubwa wa elimu waliomtembelea walikuwa na mahitaji yao. Booker T. Washington aliongoza chuo cha Tuskegee huko Alabama. Hollis Burke Frissell aliongoza Hampton huko Virginia. Vyote vilikuwa vyuo vikubwa, vyenye majengo mazuri na wafadhili wengi. Anna alitaka fedha ziende kwenye vile vishule vidogo ambavyo hakuna aliyevitembelea.

Tarehe 22 Aprili 1907 alisaini hati ya wakfu wa dola 1,000,000. Hati hiyo inafaa kusomwa kwa makini, kwa sababu kila kipengele kina kazi.

Kwanza, mahali: majimbo ya kusini mwa Marekani. Pili, walengwa: shule ndogo za vijijini na za jumuiya, kwa ajili ya watu weusi ambao hawakuwa na shule nyingine ya kuikimbilia. Maneno hayo yaliziba njia ya fedha kumezwa na Tuskegee au Hampton, ingawa viongozi wa vyuo hivyo viwili ndio aliowataja kuwa wadhamini. Tatu, aliwapa Washington na Frissell mamlaka ya kuteua bodi. Bodi iliyosajiliwa mwezi Novemba mwaka huohuo ilikuwa na wanaume weusi na weupe waliokaa meza moja na kupiga kura sawa. Kwa Kusini ya mwaka 1907 hilo lilikuwa jambo zito. Walikuwemo Robert Russa Moton, mtu mweusi ambaye baadaye angeirithi Tuskegee, William Howard Taft, aliyekuwa karibu kuwa rais wa Marekani, na Andrew Carnegie, tajiri wa chuma. Mkumbuke huyo wa mwisho, kwa maana yeye ni chanzo kimoja cha mkanganyiko wa Kabete.

Anna alifariki tarehe 24 Septemba 1907, akiwa na miaka 85, miezi mitano baada ya kusaini. Hakuona mwalimu hata mmoja akilipwa.

Bodi ilimchagua James Hardy Dillard, mkuu wa kitivo katika Chuo Kikuu cha Tulane huko New Orleans, kuwa mkurugenzi. Swali lake la kwanza lilikuwa la hesabu, na tunaweza kulirudia hapa kama zoezi. Milioni moja ikizaa asilimia 4, mapato ni dola 40,000 kwa mwaka. Shule za vijijini za watu weusi Kusini zilikuwa maelfu kwa maelfu. Ukizigawia zote sawasawa, kila moja inapata fedha za kununua chaki na kuni, na mwaka unaofuata hakuna anayekumbuka. Ukijenga majengo, unajenga machache kisha mapato yamekwisha. Basi ufanye nini na mapato madogo yanayorudi kila mwaka bila kukosa?

Jibu lilitoka Henrico, kaunti inayouzunguka mji wa Richmond, Virginia. Huko alikuwepo mwalimu mweusi aitwaye Virginia Estelle Randolph, mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa, aliyekuwa akifundisha katika shule ya Mountain Road tangu mwaka 1892. Aliipaka chokaa, akapanda maua, akamwaga changarawe mahali palipokuwa matope, akafundisha kushona na kupika pamoja na kusoma na kuhesabu. Mwezi Machi 1908 alipanda na wanafunzi wake miti 12 ya mkuyu wa Kimarekani na kuipa majina ya mitume. Mambo hayakwenda laini tangu mwanzo: baadhi ya wazazi walilalamika kwamba wamewaleta watoto kusoma vitabu, si kufanya kazi za mikono. Aliwatembelea majumbani mpaka akawapata.

Ofisa elimu wa kaunti, mzungu aitwaye Jackson Davis, aliiona shule hiyo akawaza kwamba mwalimu wa namna hii akitolewa darasani na kupewa shule zote za kaunti azizungukie, nyingi zingeinuka pamoja. Hakuwa na fedha za mshahara. Alimwandikia Dillard. Oktoba 1908 Randolph akateuliwa, mshahara dola 40 kwa mwezi, shule zaidi ya 20 mikononi mwake. Taarifa ya mwaka wake wa kwanza ikasambazwa kwa maofisa elimu wa kaunti kote Kusini, na utaratibu huo ukajulikana kama Mpango wa Henrico.

Sasa hesabu inaanza kuleta maana. Dola 40 kwa mwezi kwa miezi 9 ni dola 360. Mapato ya dola 40,000 yanalipa walimu 111 wa namna hiyo, na yakiwa dola 50,000 yanalipa 138. Huo ni mfano wa karatasi tu, kwani ofisi na safari nazo zina gharama, lakini hauko mbali na kilichotokea: katika mwaka wa masomo 1909/1910 walikuwepo walimu 129 wa Jeanes katika kaunti 130 za majimbo 13. Na kila mmoja aligusa shule nyingi. Mapato ambayo yangepotelea kwenye chaki yaliweza kugeuka kuwa watu wanaozunguka.

Kazi ya mwalimu wa Jeanes, na wengi wao walikuwa wanawake, haikuwa ukaguzi kwa maana ya kuja na daftari la makosa. Aliingia shule moja kwa siku moja au mbili, mara nyingi kwa farasi na kigari. Alifundisha somo la mfano mbele ya mwalimu wa pale ili aone linavyofanyika. Alikaa na wazazi jioni na kuanzisha umoja wa kuboresha shule, wenye mweka hazina na kiwango cha mchango. Michango ilikwenda kwanza kwenye kinachoonekana, yaani madirisha, choo, kisima na uzio, maana mzazi aliyeona senti zake zimekuwa dirisha huchanga tena. Kisha ilikwenda kwenye kurefusha muhula: wazazi wakilipia mwezi mmoja wa mshahara wa mwalimu, kaunti hubanwa ilipie mwingine. Wakati wa kiangazi, shule zikiwa zimefungwa, alisimamia vikundi vya wasichana na akina mama vya kulima bustani na kuhifadhi mboga na matunda kwenye mikebe na mitungi. Walikuwa na msemo wao wa kazi: fanya jambo linalofuata linalohitajika. Huko North Carolina, Annie Wealthy Holland alipanda kutoka mwalimu wa Jeanes wa kaunti hadi kusimamia shule za msingi za watu weusi za jimbo zima, na mwaka 1927 akaanzisha umoja wa jimbo wa wazazi na walimu weusi. Kwa watu walionyang'anywa kura, vikao vile vilikuwa mahali pa kujifunza kuongoza mkutano, kuweka hesabu na kudai haki kwa kaunti.

Udhaifu ulikuwepo, na ulikuwa mkubwa. Mwalimu wa Jeanes alifanya kazi kwa ridhaa ya ofisa elimu mzungu. Ofisa asipotaka, hakuna mwalimu. Ofisa akitaka ushonaji tu, masomo mengine yanaingizwa kwa werevu. Wanasiasa wa Kusini walivumilia mpango huu kwa sababu waliamini elimu ya mikono ingewabakiza watu weusi shambani na jikoni. Tena kulikuwa na hatari ambayo kila mfuko wa hisani hukutana nayo: fedha za nje zikilipia wajibu wa serikali, serikali hupata kisingizio cha kutolipa. Bodi ilijibu kwa kuzibana kaunti zichukue sehemu ya mshahara, na sehemu hiyo ikakua kadiri miaka ilivyopita. Hilo ndilo somo la kitaalamu ninaloliona kuwa zito kuliko yote katika historia hii, kwa sababu mapato ya wakfu ni madogo daima ukiyalinganisha na kodi, na mfuko unaojaribu kuwa serikali hufilisika.

Majengo yalikuwa habari nyingine. Wengi huamini kwamba fedha za Jeanes zilijenga shule. Zilizojenga ni za Julius Rosenwald, mfanyabiashara wa Chicago, pamoja na kodi na michango ya wazazi weusi wenyewe, na matokeo yake yakawa karibu shule 5,000. Walimu wa Jeanes walikuwa miongoni mwa waliozunguka kukusanya michango hiyo, ndiyo maana majina haya mawili huchanganywa.

Kuna wazo jingine potofu, kwamba mtoaji akishakuwa na fedha nyingi, masharti yake hukubaliwa tu. Wosia wa Anna Jeanes unaonyesha vingine. Alikiachia Chuo cha Swarthmore, cha Quaker, karibu na Philadelphia, ardhi yenye makaa ya mawe na haki za madini, kwa sharti kwamba chuo kiache milele kushindana na vyuo vingine katika michezo. Wakati ule mpira wa miguu wa Kimarekani ulikuwa ukiua na kulemaza vijana, na Quaker wengi waliuona kama ukatili na kishawishi cha kamari. Wasiwasi wake ulikuwa na msingi. Neno "milele" ndilo lililoleta shida. Bodi ya chuo haikuwa na ugomvi na maoni yake ya mwaka 1907, bali iliona hatari ya kujifunga mikono kwa wadhamini wa mwaka 1950 na 2000, bila nafasi ya mtoaji kuombwa alegeze, kwa kuwa ameshafariki. Chuo kikakataa zawadi.

Linganisha na hati ya milioni moja. Ile ilifunga kusudi, ikaacha njia wazi: haikusema fedha zilipe mishahara, au zinunue vitabu, au zijenge. Wadhamini walipewa uwanja wa kutafuta, wakampata Randolph. Mtoaji yuleyule, mwaka uleule, aliandika sharti moja lililowezesha kazi na jingine lililoizuia. Wosia huohuo uliacha ardhi na fedha kwa ajili ya hospitali ya saratani na maradhi ya neva na ulemavu huko Fox Chase, kaskazini mashariki mwa Philadelphia. Iliwachukua wadhamini miaka 20 kuikamilisha. Jeanes Hospital ilifunguliwa mwaka 1928, na iko mpaka leo.

Na Kabete? Hapa inabidi kuzitenganisha fedha za watu watatu.

Caroline Phelps Stokes wa New York, tuliyemtaja juu, alifariki mwaka 1909. Wosia wake ulianzisha Mfuko wa Phelps-Stokes, uliosajiliwa mwaka 1911, na tofauti na hati ya Jeanes, huu uliitaja Afrika miongoni mwa makusudi yake. Mfuko huo ndio uliotuma tume mbili za elimu. Ya kwanza ilikwenda Afrika ya Magharibi, Kusini na Ikweta mwaka 1920 na 1921. Ya pili, mwaka 1924, ilipita Kenya, Uganda, Tanganyika, Zanzibar na kuendelea kusini. Iliongozwa na Thomas Jesse Jones, na ndani yake alikuwemo James Aggrey kutoka Gold Coast (Ghana ya leo), pamoja na James Dillard, yuleyule mkurugenzi wa mfuko wa Jeanes. Kwa hiyo mtaalamu alikuja, na wazo likaja naye. Fedha zilibaki Kusini mwa Marekani, kwa sababu hati ilisema Kusini mwa Marekani.

Shule ya Kabete ilianza mwaka 1925 kwa fedha za serikali ya kikoloni ya Kenya na ruzuku ya Carnegie Corporation ya New York, taasisi iliyoanzishwa na Andrew Carnegie mwaka 1911. Sasa utaona fundo lilivyofungwa: Carnegie aliwahi kuketi kwenye bodi ya Jeanes, Dillard alikuja na tume ya Phelps-Stokes, na shule ikapewa jina la Jeanes. Mifuko mitatu, majina matatu, na ni mmoja tu kati yake uliosaidia kulipia Kabete, nao ndio usiotajwa kwenye jina la shule wala la tume. Jina lilichukuliwa kwa heshima ya utaratibu wa walimu wa Jeanes.

Mwalimu mkuu wa kwanza alikuwa James Dougall, Mskoti aliyekuwa katibu wa tume. Walimu walioteuliwa na misheni walikuja na wake na watoto wao, wakaishi katika nyumba ndogo zilizopangwa kama kijiji cha mfano, wakajifunza kusimamia shule za vijijini, kilimo, afya na usafi. Wake walifundishwa malezi ya watoto, lishe na ushonaji. Mafunzo yalichukua takriban miaka miwili, kisha familia ikarudi na mwalimu akapewa kundi la shule za kuzungukia. Utaratibu huo ukaenea Nyasaland (Malawi ya leo) na Rhodesia (Zambia na Zimbabwe za leo).

Kwa karatasi, ni kazi ileile ya Henrico. Nchini Kenya mizani ilikuwa tofauti. Mwalimu wa Kabete alikuwa chini ya misheni na serikali ya kikoloni, na hapakuwa na bodi ambamo Mwafrika aliketi na kupiga kura kama Moton alivyofanya. Walowezi walitaka vibarua, serikali ilitaka utulivu vijijini, na "elimu inayofaa mazingira" iliwatosheleza wote wawili. Wazazi waliona. Mwishoni mwa miaka ya 1920 na kuendelea, Wakikuyu walianzisha shule zao huru zilizodai Kiingereza na masomo kamili, na mwaka 1939 wakafungua chuo chao cha ualimu Githunguri. Huko Marekani nako W. E. B. Du Bois, mwanazuoni mweusi, alikuwa ameshaukosoa vikali mtazamo wa Thomas Jesse Jones kuhusu elimu ya watu weusi. Malalamiko ya wazazi wa Henrico na ya wazazi wa Kiambu yalifanana sana. Randolph aliweza kuwajibu wazazi wake kwa sababu alikuwa mmoja wao, na alibaki hapo. Mkoloni hakuwa na jibu la namna hiyo.

Kuwalaumu walimu wenyewe wa Kabete kungekuwa kosa. Wengi wao walichimba vyoo, walifundisha na kuinua shule ambazo hakuna mwingine aliyezijali. Kasoro ilikuwa kwa walioshika hatamu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Kabete iligeukia elimu ya watu wazima na maendeleo ya jamii. Mwaka 1961 eneo hilo likawa taasisi ya kuwafundisha maofisa wa utawala, na leo ni Kenya School of Government ya Lower Kabete. Marekani, mwaka 1937, mfuko wa Jeanes uliunganishwa na mifuko mingine ya elimu ya watu weusi, mmojawapo ukiwa ule uliochangwa na walimu wa Jeanes wenyewe kwa jina la Virginia Randolph, ikazaliwa Southern Education Foundation yenye makao Atlanta. Mpango wa walimu wa Jeanes ulikoma mwaka 1968, shule za watu weusi zilipounganishwa na za wazungu na nafasi zao za usimamizi zikafutwa. Mtaji ulibaki. Taasisi ya Atlanta ingali ikifanya kazi katika elimu ya majimbo yaleyale ya Kusini.